«The African Queen»: Filamu ya dola milioni moja iliyopigwa mto Ruiki na kuingiza zaidi ya milioni kumi

Mwaka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, wachezaji wawili waliokuwa kati ya wakubwa wa sinema ya Marekani, walipitisha majuma kadhaa kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu, mji ambao wakati ule uliitwa Ponthierville. Walikuwa wanatengeneza filamu «The African Queen», maana yake Malkia wa Afrika, iliyotokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester. Filamu hiyo iligharimu karibu dola milioni 1 za Marekani. Mauzo ya tiketi zake ulimwenguni yanakadiriwa kufika dola 10,750,000.

Kwa mfanyabiashara yeyote, hesabu hiyo ni nzuri: kila dola iliyowekwa ilileta zaidi ya dola kumi mlangoni mwa kumbi za sinema. Lakini ukifuata njia ya pesa hizo, tangu kununuliwa kwa haki za kitabu mpaka kugawanywa kwa faida, unakuta jambo linalohusu Kongo hadi leo. Faida ya filamu huenda kwa yule aliyeandikwa katika mkataba. Mwenye mto na mwenye kuvuta kamba hupata malipo ya siku, na yanaishia hapo.

Hadithi yenye mizizi Kalemie

Forester alichapisha riwaya yake mwaka 1935. Inasimulia habari za Rose, dada wa mmisionari Mwingereza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, na Charlie Allnut, mtu wa boti mwenye kupenda pombe. Vita vya kwanza vya ulimwengu vinapoanza mwaka 1914, kaka yake Rose anakufa baada ya askari wa Wajerumani kuvamia kijiji. Wawili hao wanashuka mto mgumu wenye maporomoko, wakiwa na mpango wa kwenda kulipua meli ya vita ya Wajerumani ziwani.

Wakaaji wa Kalemie, Moba na Uvira wanaweza kulitambua ziwa hilo bila kuambiwa. Forester alichota katika vita vya kweli vya ziwa Tanganyika. Mwaka 1915, Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa treni mpaka Katanga. Kutoka Fungurume zilivutwa porini na kupandishwa milima ya Mitumba, zikapakiwa tena kwenye treni mpaka Bukama, zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, na mwisho reli ikazifikisha Lukuga, penye Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani Kingani. Februari 1916 zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isianguke mikononi mwa adui. Waingereza waliiinua baadaye, wakaipa jina la Liemba. Ndiyo Liemba ile ile ambayo wasafiri wa Kigoma wameitumia kwa miaka mingi, na ambayo mwaka 1997 ilirudisha maelfu ya wakimbizi Wakongomani kutoka Tanzania.

Riwaya na filamu hazimaliziki sawa. Katika kitabu, mpango wa Rose na Charlie unashindwa: boti yao inazama katika dhoruba kabla ya kufika kwenye meli ya adui, na meli hiyo inakuja kuzamishwa na mashua za vita za Waingereza. Katika filamu, meli ya Wajerumani inagonga mabaki ya boti yao yenye mabomu na kulipuka, wakati wawili hao walikuwa wamekwisha fungishwa ndoa na kuwekewa kamba shingoni. Mtazamaji aliyelipa tiketi anatoka akiwa na furaha. Mabadiliko ya namna hiyo ni sehemu ya hesabu za sinema, kama vile bei ya kamera.

Pesa zilitoka wapi

Kabla ya kamera kuwashwa, mtu alipaswa kununua haki za kitabu. Haki hizo zilikuwa mikononi mwa kampuni kubwa ya Marekani, Warner Bros., ambayo iliwahi kufikiria kumpa Bette Davis nafasi ya Rose. Mradi haukuendelea. Mtayarishaji Sam Spiegel na mwongozaji John Huston, waliokuwa na kampuni ndogo iliyoitwa Horizon Pictures, walizinunua kwa dola 50,000.

Spiegel hakuwa na pesa hizo. Aliziazima kwa kampuni ya vyombo vya kunasia sauti, Sound Services, akiahidi kwamba vyombo vyao vitatumiwa katika filamu na jina lao kuandikwa kwenye pazia. Ni deni lililolipwa kwa ahadi ya kazi.

Sehemu nyingine ya mzigo ilibebwa London. Ndugu wawili, John na James Woolf, wenye kampuni ya Romulus Films, waliingia kama washirika. Romulus ilishughulikia gharama za kikosi cha Waingereza na za kupiga picha, na Horizon ikabeba upande wa Wamarekani: wachezaji wakubwa, mwongozaji na mwandishi. John Woolf alisimulia baadaye kwamba Alexander Korda, mtu mwenye sauti kubwa katika sinema ya Uingereza, alimwonya kuwa watu hawatalipa pesa kutazama wazee wawili wakipanda na kushuka mto wa Afrika, na kwamba angefilisika.

Ili bajeti isipasuke, Bogart na Hepburn walikubali sehemu ya malipo yao isubiri, na badala yake wakapewa fungu katika faida. Kwa mchezaji, huo ni mchezo wa bahati. Filamu ikianguka, anabaki na nusu ya kazi yake bila malipo. Ikishika, anakula mara nyingi.

Gharama za mto

Siku hizo filamu nyingi zenye kuonyesha Afrika zilipigwa ndani ya studio, kwa miti ya kupandwa katika mapipa. Huston alitaka mto wa kweli. Alichagua Ruiki, ambao maji yake meusi yanaingia Lualaba, na kambi ikajengwa Biondo kwa miti na majani.

Kufika huko kulikuwa kazi. Kutoka Kisangani, wakati ule Stanleyville, maporomoko ya Boyoma yanafunga njia ya meli, ndiyo sababu Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 mpaka Ponthierville. Kila kitu kilipita huko: vyakula, mafuta, taa, grupu ya umeme na kamera ya Technicolor, ambayo ilikuwa kubwa na nzito kupita kiasi. Mpiga picha Jack Cardiff alifanya kazi juu ya mitumbwi iliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao, mmoja ukibeba kamera, mwingine taa, mwingine umeme, yote ikivutwa moja nyuma ya nyingine kwenye mto wenye kona nyingi. Kona moja ikikamatwa vibaya, saa nzima ya kazi ilipotea.

Siafu walivamia kambi. Boti ya filamu ilizama, ikabidi ivutwe kwa kamba na mikono ya watu mpaka itoke majini. Walipohamia Uganda, kwenye ziwa Albert na maporomoko ya Murchison, sehemu kubwa ya kikosi ilipatwa na magonjwa ya tumbo na malaria. Hepburn, aliyekuwa anakunywa maji na kuwalaumu wenzake kwa pombe, aliugua sana. Bogart na Huston, waliokuwa wanakunywa wiski, walibaki wazima. Mwaka 1987 Hepburn alitoa kitabu kizima juu ya safari hiyo.

Mgonjwa mmoja katika kikosi cha filamu si habari ya hospitali tu. Siku ambayo mchezaji mkubwa hawezi kusimama, wengine wote wanalipwa bila kupiga picha, vyakula vinaliwa, na riba ya mkopo inaongezeka. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi ilimaliziwa katika studio karibu na London. Picha ambazo wachezaji wanaonekana ndani ya maji katikati ya matete, wakivuta boti, zilipigwa katika tangi, kwa kuogopa kichocho na magonjwa mengine ya mtoni.

Tiketi, Oscar na fungu la kila mmoja

Filamu ilionyeshwa kwanza Los Angeles mwishoni mwa Desemba 1951. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo: ili kushindania Oscar za mwaka ule, ilipaswa kuonyeshwa huko kabla ya mwaka kwisha. Ilipata nafasi nne za kushindania, kwa Bogart, kwa Hepburn, kwa Huston kama mwongozaji, na kwa maandishi ya Huston pamoja na James Agee. Machi 1952, Bogart alishinda. Ilikuwa Oscar yake ya kwanza na ya mwisho, na tangazo la namna hiyo huwa linarudisha watu kwenye foleni ya tiketi.

United Artists, kampuni iliyosambaza filamu Marekani, ilikuwa karibu kuanguka mwanzoni mwa mwaka 1951 na ilikuwa imekabidhiwa viongozi wapya. «The African Queen» ni moja ya filamu zilizoisaidia kusimama tena.

Hapa msomaji anapaswa kuelewa tofauti moja. Mauzo ya tiketi siyo faida. Mwenye ukumbi wa sinema anakata fungu lake kwanza. Msambazaji anafuata na fungu lake, pamoja na gharama za matangazo na za nakala za filamu. Halafu wakopeshaji wanarudishiwa pesa zao na riba. Kinachobaki ndicho kinaitwa faida, na ndicho kinagawanywa kwa wenye mafungu. Filamu ikiuza tiketi mara mbili ya bajeti yake, inaweza kuwa bado haijaleta faida. Ikiuza mara kumi, kama hii, hata baada ya kila mmoja kukata, kunabaki kitu.

Lakini si kila aliyefanya kazi alikula. Huston, mtu aliyetaka mto Ruiki na aliyeongoza kila picha, aligombana na Spiegel kwa sababu ya malipo, akaondoka katika Horizon na kuacha haki zake katika filamu. Aliyekuwa nusu ya kampuni alitoka kabla ya mavuno. Filamu yenyewe iliendelea kuuzwa: kwa televisheni, kwa kaseti, na mwaka 2010 ilisafishwa na kutolewa upya katika DVD. Kila mara, pesa zilikwenda kwa wenye haki wa wakati huo.

Ni nini kilibaki Ubundu

Majina ya Wakongomani waliojenga kambi ya Biondo, waliopiga kasia, waliobeba taa na kuvuta boti iliyozama hayako kwenye pazia. Kulingana na desturi ya koloni, kibarua alilipwa malipo ya siku na posho. Hakukuwa na mtu wa kuwaeleza kwamba kuna kitu kinaitwa fungu la faida.

Simulizi moja la kambi hiyo linasema kwamba siku fulani watu wa kijiji waliotazamiwa kuonekana katika picha hawakufika, kwa sababu kulikuwa na uvumi kuwa Wazungu hao wanakula watu. Wageni walisimulia jambo hilo kwa kicheko. Kwa Mkongomani aliyekua na kusikia habari za batumbula Katanga au za mundele mwinda upande wa mto, haichekeshi sana. Watu waliokwisha kuona nguvu zao zikichukuliwa na reli, mpira na migodi walikuwa na sababu ya kuogopa Mzungu anayekuja na mashini usiyoijua na kusema anahitaji watu.

Hata kuangalia filamu kulikuwa na mipaka. Katika Kongo ya Wabelgiji, kumbi za Wazungu na za Weusi zilitengwa, na filamu zilizoonyeshwa kwa Weusi zilichujwa kwanza na kamati. Kwa hiyo mkaaji wa Ponthierville hakuwa na uhuru wa kuchagua filamu na kukata tiketi, hata kama filamu ilipigwa mlangoni pake.

Boti yenyewe haiko Afrika tena. Ile inayojulikana leo kama African Queen, iliyojengwa Uingereza mwaka 1912 na kufanya kazi miaka mingi upande wa ziwa Albert, iko Key Largo, Florida, na watalii wanalipa ili waipande.

Vitabu vingine, hesabu nyingine

«The African Queen» haikuwa peke yake. Mwaka 1958 kikosi cha mwongozaji Fred Zinnemann kilikuja Stanleyville kupiga «The Nun's Story», kutoka kitabu cha Kathryn Hulme juu ya mtawa muuguzi wa Ubelgiji aliyetumwa Kongo. Picha nyingine zilipigwa Yakusu. Bajeti yake ilikuwa karibu dola milioni 3 na nusu, na mauzo ya tiketi yakafika karibu milioni 12.8. Ilipata nafasi nane za Oscar bila kushinda hata moja, lakini pesa zilirudi.

Baada ya hapo Kongo ilibaki katika vitabu, na kamera zikaenda kwingine. Joseph Conrad alifika maporomoko ya Kisangani mwaka 1890 kwa meli, na safari hiyo ikazaa kitabu chake kinachojulikana zaidi. Mwaka 1979 Francis Ford Coppola alikigeuza kuwa «Apocalypse Now», filamu ya vita vya Vietnam, iliyopigwa Ufilipino kwa zaidi ya dola milioni 30. Mto Kongo ukawa mto wa Asia.

Safari ya Huston yenyewe iligeuka kitabu. Peter Viertel, aliyesaidia kuandika «The African Queen», alitoa mwaka 1953 riwaya juu ya mwongozaji anayekuja Afrika akiwa na tamaa ya kumpiga tembo kuliko kupiga filamu. Clint Eastwood aliifanya filamu mwaka 1990, «White Hunter Black Heart». Haikupigwa Ruiki: ilipigwa Zimbabwe. Bajeti ilikuwa karibu dola milioni 24, na tiketi za Marekani zikaleta milioni 2 na kidogo. Kila dola iliyowekwa ilirudisha karibu senti kumi. Hadithi ya kazi iliyofaulu vile haikuweza kuuza tiketi zake yenyewe.

Mwaka 1995 ikafuata «Congo», kutoka riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1980, yenye kusimulia mji uliopotea katika misitu ya Virunga, almasi na masokwe. Iligharimu dola milioni 50 na kuingiza karibu milioni 152. Jina la nchi liliandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango ya ulimwengu mzima, lakini volkeno iliyotumiwa ni ya Costa Rica, na msitu mwingine ulijengwa ndani ya studio California.

Hesabu ya leo

Sababu za kamera kukimbia zinaeleweka. Kampuni ya bima haikubali kirahisi kulipia mchezaji mkubwa mahali penye vita. Barabara na reli mbovu zinageuza siku moja ya kazi kuwa tatu. Nchi nyingine zinawarudishia watengenezaji sehemu ya kodi ili waje watumie pesa kwao. Ubundu ya 1951, pamoja na ubaguzi wote wa koloni, ilifikiwa kwa treni iliyotembea. Mkaaji wa leo anayesafiri kati ya Kisangani na Ubundu anajua mwenyewe namna hali ilivyo.

Hata hivyo, mto haukukosa kamera. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aliwafuata kwenye mto huo majeruhi wa vita vya siku sita vya Juni 2000, wakishuka mpaka Kinshasa kudai fidia. Filamu yake, «En route pour le milliard», ilichaguliwa katika orodha rasmi ya Cannes mwaka 2020, ya kwanza ya Kongo kupata nafasi hiyo. Haikutokana na riwaya wala haikuwa na bajeti ya Hollywood. Lakini jina la Mkongomani liko pale ambapo mwaka 1951 hapakuwa na hata moja.

Na vitabu vipo. «Tram 83» ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, na «Congo Inc.» ya In Koli Jean Bofane, vyote vya mwaka 2014, vimesomwa katika lugha nyingi. Siku mtayarishaji atakapobisha hodi kwa mwandishi wa Bukavu, Goma au Bunia, habari ya «The African Queen» inaweza kumsaidia kujua la kuuliza. Haki za kitabu zinauzwa kwa muda gani, na zikikaa bila kutumiwa zinarudi kwa nani? Fungu linahesabiwa juu ya mauzo yote, au juu ya faida inayobaki baada ya wengine wote kukata? Je, linahusu sinema tu, au pia televisheni na mauzo ya miaka hamsini ijayo?

Forester aliandika kitabu mara moja, na Spiegel akanunua haki kwa dola 50,000 za kuazima. Huston aliacha fungu lake. Watu wa Biondo hawakupewa la kuacha. Tofauti kati yao ilikuwa ndani ya karatasi zilizotiwa sahihi kabla ya boti ya kwanza kuingizwa majini.